Neno la Kusema kwa Mikono

Kila siku Waya akirudi shule, kabla hata ya kuvua viatu, aliingia sebuleni akapiga meza mara mbili kwa kiganja. Hakuwa na hasira. Ndivyo walivyobisha hodi nyumbani kwao. Babu hakusikia mlango, wala jogoo, wala king'ora cha gari la zimamoto, lakini viwiko vyake vilikuwa juu ya meza ile, na meza ikitetemeka alijua mtu kaingia. Basi aliinua uso na kusema, "Karibu, mjukuu wangu. Leo mmefundishwa nini?" Na kwa kuwa hakuweza kuisikia sauti yake mwenyewe, alisema kwa nguvu kiasi kwamba kinyozi wa ng'ambo ya barabara naye alipata habari kuwa Waya amerudi.

Shuleni alikuwa na jina jingine, lakini hili la Waya ndilo lililomkaa. Mama alimpa alipokuwa na miaka mitatu, kwa sababu mbili: alikuwa mwembamba, na hakuweza kupita karibu na waya wowote bila kuuvuta aone unakwenda wapi. Sasa alikuwa na miaka kumi na miwili, yuko darasa la sita, na bado anavuta. Simu ya Mama ikigoma, aitwe Waya. Rimoti ikikataa, aitwe Waya. Majirani nao wakaanza kumtuma. Sifa zikazidi, na sifa zikizidi humfanya mtu aone haya kusema hajui.

Masikio ya Babu yaliishia kwenye kiwanda cha mbao. Miaka thelathini na minane alisimama upande mmoja wa msumeno mkubwa, na upande wa pili alisimama mdogo wake, ambaye Waya alimwita Babu Mdogo. Msumeno ule ulinguruma hivi kwamba ungeweza kumtukana bosi mbele ya uso wake na asijue. Siku hizo hakuna aliyewapa vizibo vya masikio. Basi wafanyakazi wakajitungia lugha yao ya mikono na midomo. Kiganja kwenye kiwiko, gogo lina msumari. Kuvuta sikio, bosi huyo anakuja. Ndugu wale wawili waliikuza lugha hiyo mpaka wakaweza kupigiana hadithi nzima, kutaniana na hata kugombana, huku msumeno unazunguka kati yao. Masikio yalipokufa, lugha ilibaki.

Babu alipostaafu, Babu Mdogo alimfuata binti yake nchi ya mbali, safari ya ndege mbili. Na wiki hii habari ikaja: koo la Babu Mdogo limeota uvimbe, Jumatatu ijayo atapasuliwa. Madaktari walisema matumaini ni makubwa. Walisema pia kwamba mtu wa miaka sabini na mmoja akilazwa pale mezani, hakuna anayeweza kuapa.

Mama akapiga simu. Yeye alisikiliza, kisha akamgeukia Babu na kumtamkia polepole ili asome midomo. Babu akajibu, Mama akapeleka jibu. Wakaenda hivyo, salamu zikipita mkono kwa mkono na kupoa njiani, mpaka Babu akaifunika simu kwa kiganja.

"Inatosha," alisema. "Nina neno langu moja na mdogo wangu. Halipiti kwenye mdomo wa mtu mwingine. Nataka niione mikono yake, naye aione yangu."

Wakajaribu video. Lakini skrini ya simu ilikuwa ndogo kama biskuti, na macho ya Babu yalikuwa ya uzeeni. Mikono ya Babu Mdogo ilionekana kama miguu ya sisimizi. Babu aliisogeza simu mpaka ikagusa pua, akairudisha mezani taratibu, akatoka kwenda uani.

Mama alifanya kazi mapokezi, kwenye ofisi ya wapima ardhi, na ofisi ile ilikuwa na chumba cha mikutano chenye runinga kubwa ukutani na kamera juu yake. Alimwomba bosi wake, bosi akakubali: Jumamosi asubuhi Babu aje aongee na ndugu yake. Mama alirudi nyumbani na habari hiyo kama mtu aliyebeba yai.

"Kwani ya nini kumhangaisha Babu?" Waya akauliza. "Runinga si tunayo hapa, na ni ya kisasa. Naunganisha na simu, basi. Itakuwa Jumapili, ametulia kwenye kiti chake."

Mama alimtazama. "Unaweza?"

"Naweza."

Kesho yake Waya alipita kwa fundi wa simu, dada mmoja aliyeitwa Bisibisi kwa sababu siku zote alikuwa amechomeka bisibisi moja kwenye nywele na kuitafuta nyingine. Duka lake lilikuwa na upana wa kabati. Alimweleza Waya namna ya kurusha picha kutoka kwenye simu kwenda kwenye runinga bila waya, zikiwa zote kwenye intaneti moja ya nyumbani. Kisha akaongeza kwamba akishaunganisha asijaribu kwa wimbo. Ajaribu kwa simu yenyewe ya video, na mtu wa kweli upande wa pili, tena kwa muda mrefu, maana wimbo haumwonyeshi mtu kitu. Waya aliitikia ndiyo, ndiyo, mguu mmoja ukiwa tayari barabarani.

Alhamisi jioni alifanya kama alivyoelekezwa. Runinga ikawaza, ikawaza, kisha skrini ya simu ikatokea ukutani, kubwa kama mlango. Waya akafungua wimbo. Waimbaji wakacheza, rangi zikang'aa. Babu alisimama kutoka kwenye kiti chake, akaenda kuigusa runinga kwa kidole kama mtu anayepima ubichi wa mbao.

"Nikimpigia mdogo wangu," akauliza, "nitaiona mikono yake hivi?"

Waya akatikisa kichwa kukubali.

Mama alikuwa mlangoni, bado ameshika mkoba. "Umeshajaribu na mtu?"

Hapo Waya angeweza kusema bado. Neno lenyewe ni fupi, halichoshi ulimi. Lakini Babu alikuwa anatabasamu, na wimbo ulikuwa unacheza, na yeye alikuwa Waya, asiyeshindwa na kitu.

"Nimejaribu," alisema. "Iko tayari."

Mama akampigia bosi wake palepale, akamshukuru sana, akamwambia hawatamsumbua tena. Bosi akasema afadhali, maana alikuwa na safari na funguo za ofisi angeondoka nazo.

*

Ijumaa mchana Waya alimwomba rafiki yake wa dawati moja ampigie kwa video kutoka kwao. Rafiki huyo aliitwa Kasuku, na anayetaka kujua sababu akae naye dakika tano. Simu ikaita, Waya akapokea, akairusha kwenye runinga.

Kasuku akatokea katikati ya skrini, mwembamba kama ufito, kiza pande zote mbili. Alipopunga mkono, mkono ulibaki hewani, kisha ukawa mikono mitatu, kisha ukawa vipande vya rangi. Sekunde nne baadaye ukashuka. Midomo ilikwenda njia yake na sauti njia yake. Waya alizima, akawasha, akaanza upya. Safari hii Kasuku aliganda akiwa amefumba jicho moja, akabaki hivyo.

Walihangaika mpaka saa kumi na moja. Mwishowe Kasuku akapiga simu ya kawaida.

"Sasa unaogopa nini?" alisema. "Jumapili ikigoma, sema mtandao. Watu wote wanasema mtandao. Mama anaposhindwa kumpigia shangazi, ni mtandao. Mwalimu akichelewesha matokeo, ni mtandao. Mtandao hauna mdomo wa kujitetea."

Waya alicheka. Kisha akaona kwamba ni kweli, na kicheko kikamkauka. Hakuna ambaye angebisha. Babu angesikitika, Mama angelaumu kampuni ya intaneti, na yeye Waya angebaki na sifa zake zote.

Alikwenda dirishani kupunga upepo. Uani, Babu alikuwa amesimama mbele ya kile kioo alichotumia kunyolea, kimetundikwa kwenye msumari. Alikuwa anafanya mazoezi ya mikono. Alianza, akafika katikati, akasita. Akafuta viganja kwenye suruali, akaanza tena. Waya hakuijua lugha ile ya kiwandani ila maneno mawili matatu ya utani, kwa hiyo hakuelewa. Lakini aliona kwamba Babu alikuwa akikwama palepale kila mara, kama mwanafunzi atakayesomeshwa shairi mbele ya shule nzima na mstari mmoja unamkataa. Alirudia mara tano. Mara ya sita alifika mwisho, akabaki anajitazama kwenye kioo.

Chakula cha jioni Waya alikigusagusa tu.

Jumamosi asubuhi Mama alikuwa anafua. Waya alikaa kando ya beseni, akasuuza soksi moja mara nne, kisha akasema. Alisema yote: wimbo, Kasuku, mikono mitatu, na lile neno la Alhamisi. Mama hakupaza sauti. Alilikamua shati aliloshika mpaka tone la mwisho, akalikamua tena ingawa halikuwa na maji.

"Ofisi nilishaikataa," alisema. "Bosi ameondoka na funguo."

"Najua, Mama."

"Hukunidanganya mimi peke yangu. Nenda kamwambie mwenye neno lake."

Kumwambia ukweli mtu asiyesikia ni kazi ya aina yake. Huwezi kuutafuna. Huwezi kuusema huku unatazama vidole vya miguu, wala kuunong'onezea ukosi wa shati. Lazima uinue uso, mwanga ukuangukie, ufungue mdomo, na kila neno ulitoe zima zima. Waya alikaa mbele ya Babu, akapiga meza, akasubiri macho ya mzee yatue kwenye midomo yake.

"Babu, nilisema runinga iko tayari. Sikuwa nimejaribu. Nilidanganya. Jana nimejaribu, haifanyi kazi."

Babu alikunja paji la uso. "Hilo la tatu sijalishika. Sema tena."

"Nilidanganya."

Akalishika. Akakisugua kidole gumba juu ya ukingo wa meza, upande ambao alikuwa ameupiga randa mwenyewe zamani. Waya alitamani agombezwe. Kugombezwa kuna mwisho.

"Leo siku gani?" Babu akauliza.

"Jumamosi."

"Na simu ni kesho saa ngapi?"

"Saa kumi alasiri."

"Basi siku nzima tunayo, na nusu ya nyingine," alisema Babu. "Vaa viatu."

*

Bisibisi aliwasikiliza huku akipuliza vumbi kwenye simu iliyofunguliwa. Hakumsema Waya. Alimuuliza tu runinga ilifanya nini, tena kwa mpangilio, kwanza nini, kisha nini. Waya alipofika kwenye mikono mitatu, Bisibisi akatikisa kichwa.

"Picha inaingia kwenye simu kutoka intaneti, si ndiyo?" alisema. "Halafu simu hiyohiyo inaitoa tena kuipeleka kwenye runinga, kwa njia ileile ya hewani. Mlango mmoja mwembamba. Huyu anaingia na godoro, yule anatoka na kabati. Wimbo ulipita kwa sababu wimbo husubiri, hujiwekea akiba. Mtu anayeongea hasubiri."

"Dawa yake?"

"Waya, Waya. Kila mzigo uupe mlango wake."

Simu yao haikuwa aina ya kutoa picha kwa waya. Lakini chini ya meza Bisibisi alikuwa na kompyuta mpakato ya kazi, kuukuu, skrini yake imepasuka na nusu yake nyeusi kama usiku. Peke yake haikufaa kitu. Ikiunganishwa na runinga, macho yake yangekuwa runinga. Akawapa pamoja na nyaya mbili: mmoja wa kupeleka picha kwenye runinga, mwingine wa kuivuta intaneti moja kwa moja kutoka kwenye kisanduku chake. Alitaka kitu kimoja tu. Waya aunganishe, achomoe vyote, aunganishe tena, mara tatu, bila kumpigia simu kumuuliza. Akiweza mara tatu ndipo alitumie lile neno lake la Alhamisi, tayari.

Babu alikuwa anasoma midomo hiyo yote. "Huyu dada," alisema, akidhani ananong'ona, "tungemtaka kule kiwandani." Watu watatu wakageuka barabarani.

Mara ya kwanza iliwachukua saa moja. Waya alichomeka waya wa picha, runinga ikabaki nyeusi. Akachomoa, akageuza, nyeusi. Mikono ikataka kuvuta kila kitu kwa pamoja. Babu akamshika bega. Akamwambia kwamba mashine ikikataa usiipige, izunguke. Waya akazunguka nyuma ya runinga na tochi. Matundu yalikuwa mawili, na yeye alikuwa amechomeka kwenye la pili wakati rimoti imechagua la kwanza. Akabonyeza. Skrini ya Bisibisi ikaja ukutani nzima, bila ufa.

Kisha akampigia Kasuku, na Babu ndiye aliyetunga jaribio. Kasuku atainua vidole, idadi yoyote, na yeye Babu atasema ni vingapi. Mara kumi. Asipopata kumi, haijawa.

Alipata nne.

Hapo ndipo kazi ilipoanza. Waliona kwamba Kasuku amekaa na dirisha mgongoni, amekuwa kivuli kitupu, basi wakamgeuza. Babu naye alikuwa na dirisha mgongoni. Wakakihamisha kiti, na kapeti, na meza, wakimsukuma Mama huku na huko na nguo zake za kupiga pasi. Wakapata sita. Picha ikawa bado inasitasita. Waya alikwenda chumba kwa chumba kutafuta nani mwingine anakula intaneti, akakuta kishikwambi cha Mama chini ya mto kinajipakulia tamthilia, sehemu kumi na nane. Mama akasema hata hakujua. Waya akakizima. Wakapata nane. Kamera ya kompyuta ilikuwa chini mno, ikimwonyesha Kasuku pua ya Babu na dari. Wakaipandisha juu ya kigoda na vitabu vinne, mpaka ikawa mbele ya runinga, sawa na kifua cha Babu, ili akitazama runinga awe kama anamtazama mwenzake, na mikono yake yote ionekane.

Waya alichomoa kila kitu, akaanza upya. Akachomoa tena. Jasho lilimtoka, na Kasuku upande wa pili alianza kuchoka na utani ukamjia.

"Tatu," akahesabu Babu. "Tano. Moja. Huo ni ulimi, si kidole, na una wino. Mbili."

Kumi kwa kumi. Kabla jua halijazama walikuwa wamepata kumi mara tatu mfululizo, na Waya hakuwa amempigia simu Bisibisi hata mara moja. Mama alipomuuliza imekuwaje, Waya alifikiri kwanza.

"Upande wetu iko tayari," alisema. "Upande wao bado. Hatujauona."

*

Jumapili saa kumi kasorobo Babu alikaa, amevaa shati jeupe, kucha amezikata. Waya akapiga simu. Kwenye runinga ikatokea shingo, na kidevu, na feni ya darini. Ilikuwa simu ya Mama Mdogo, binti wa Babu Mdogo, ameishika wima mkononi kama watu wote wanavyoshika.

Juzi Waya angekata tamaa, au angesema ni mtandao. Sasa alijua. Alimwamkia Mama Mdogo na kumwelekeza kwa utaratibu: ailaze simu ubavu, aiegemeze kwenye kitu kizito, amrudishe mzee nyuma mpaka aonekane kiunoni, dirisha liwe mbele yake na si mgongoni. Ikachukua dakika kumi, na glasi ya maji ikamwagika kule. Kisha picha ikatulia, na Babu Mdogo akawa sebuleni kwao, mkubwa kama alivyo, amevaa fulana ya nyumbani. Aliinua mikono yote miwili. Waya, kwa mazoea ya jana, akahesabu vidole. Tisa. Mkono wa kushoto haukuwa na kidole cha shahada.

Babu alitoa sauti ndogo kooni. Kisha mikono ikaanza.

Waya hakuwahi kuona Babu akiongea namna ile. Mtu aliyekuwa akijibu "vizuri, vizuri" kwa kila swali asilolisikia, sasa alikuwa anakatiza, anabisha, anachekwa na kucheka. Mikono ya wazee ilipaa na kushuka kama ndege wanaogombania punje. Ilikwenda hivyo robo saa. Kisha Babu akaweka viganja magotini. Akavifuta kwenye suruali. Waya akajua kwamba lile neno limefika.

Babu alilianza polepole. Alifika pale palipokuwa panamkataa, akasita, akapita. Alimaliza uso wake ukiwa umelowa.

Lakini katikati yake picha ilikuwa imeganda. Waya aliiona. Kule Babu Mdogo alikuwa amekwama na mdomo nusu wazi, na alipotikisika tena alikuwa anauliza kwa kidole: nini?

Babu akamgeukia Waya. "Imefika?"

Mzee alikuwa amechoka kama aliyetua gogo. Kutikisa kichwa kukubali mara moja tu, basi, angepumzika. Angefurahi hata. Waya aliinua uso mahali penye mwanga.

"Bado, Babu. Picha iliganda. Hakuiona. Rudia."

Babu akarudisha viganja magotini. Waya akamwomba Mama Mdogo aisogeze simu karibu zaidi na kisanduku chao cha intaneti na azime simu ya pili iliyokuwa mfukoni mwake. Akajaribu kwa vidole vyake mwenyewe: vitatu, Babu Mdogo akarudisha vitatu, vinne, vinne. Ndipo akamwashiria Babu. Na Babu akalisema tena lote, tangu mwanzo, bila kusita popote.

Safari hii lilifika. Babu Mdogo alishusha mikono yake. Kisha akajibu kwa ishara chache, fupi mno, na Babu akaufunika uso wake kwa mikono miwili, ile mikono aliyokuwa akiongelea. Mama alimshika Waya mkono wakatoka nje.

*

Jumatatu ujumbe ulifika mchana. Upasuaji umekwisha salama, uvimbe wote umetolewa, mzee ameamka. Kuongea hataongea kwa wiki kadhaa, lakini tayari anagombana na wauguzi kwa mikono na wanaanza kumwelewa.

Waya alipotoka shule alimkuta Babu amekaa, ujumbe huo uko mbele yake, ameusoma mpaka simu imeishiwa chaji. Alimwonyesha kiti.

"Hujaniuliza neno langu lilikuwa nini," alisema.

"Ulisema halipiti kwenye mdomo wa mtu mwingine."

"Lilikuwa halijamfikia mwenyewe. Sasa limemfikia, naweza kumwambia nimtakaye." Sauti yake ilijaa chumba. Ng'ambo ya barabara kinyozi alizima mashine yake. Mama akanyanyuka kwenda kufunga dirisha, na Babu akamwambia aliache wazi.

"Nilikuwa na miaka ishirini na minne," alisema. "Msumeno ulikwama na kipande cha mbao. Mdogo wangu ndiye wa kukitoa, mimi ndiye wa kushusha swichi kubwa. Akaniuliza kwa mkono, tayari? Nikamjibu, tayari. Swichi sikuwa nimeishika. Niliitazama kwa mbali nikaona kama imelala. Ilikuwa hatua sita tu kwenda kuhakikisha, nami nilikuwa fundi hodari, wa kujua kwa kutazama. Bosi alipokuja nikasema mashine imejiwasha yenyewe. Wakaamini wote, mashine zile zilikuwa na jina baya. Miaka arobaini na tisa, mjukuu wangu. Kila akiniamkia naviona vidole tisa."

Waya aliinua uso. "Jana alikujibu nini?"

Babu aliinua mikono, akaonyesha polepole ili naye aelewe. Alijigusa macho, kisha akanyoosha kidole mbele, ng'ambo ya meza, pale ambapo mtu angesimama kama msumeno ungekuwa kati yao.

"Alisema, 'Nilikuwa nimesimama mbele yako. Niliona hukutembea. Nilikuwa nangoja uniambie.'"

Mama aliegemea dirishani na kutazama nje.

"Umenizidi akili," Babu akasema. "Wewe ulichukua siku mbili. Halafu jana ukaniambia bado, wakati mimi mwenyewe nilikuwa natamani uniambie ndiyo. Shika hilo, ukiunganisha runinga, ukitibu wagonjwa, ukiendesha ndege, hata ukiwa kinyozi. Tayari ni neno la mtu aliyekwenda akashika kwa mkono wake. Kama hujaenda, sema bado. Watakucheka kidogo, wataondoka, utarudi kazini. Neno bado halijawahi kumkata mtu kidole."